Barua ya Malalamiko: Kabureta ya Peugeot 404 Yangu na Nilivyotendewa Karakanani Kwenu

Kwa Meneja wa Karakana,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: UCHUNGUZI WA INJINI NA KABURETA ILIYOONDOLEWA BILA IDHINI YANGU

Kwa heshima zote, nakuandikia nikiwa nimeudhika mno, na nitajitahidi kalamu yangu isivuke mipaka ya adabu.

Gari langu lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi na kwenda bila tatizo, lakini injini ikishapata moto ilianza kumisi, yaani kukatakata, na kukosa nguvu, hasa nikipanda Daraja la Nyali. Dalili hizo nilimwandikia mhudumu wenu kwenye karatasi, kwa sababu hitilafu inayojitokeza injini ikipata moto hutafutwa kwanza kwenye koili, kondensa na pointi za distribyuta, yaani sehemu za umeme zinazoleta cheche ya kuwasha mafuta, kabla ya mtu kuigusa kabureta, inayochanganya mafuta na hewa. Mhudumu huyo hakuisoma. Aliikunja, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa karatasi hiyo, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akasema, wateja wote waliokaa kwenye benchi wakisikia: "Mama, hii ni skrepa. Mwambie mzee akununulie Toyota Vitz."

Katika ankara mmeniandikia shilingi 4,500 za "uchunguzi wa kompyuta". Peugeot 404 ya mwaka 1967 haina kompyuta ya injini wala tundu la kuchomekea mashine yenu. Tundu hilo limekuwa la lazima huko Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Naomba nielezwe kwa maandishi mashine hiyo mliichomeka wapi na ilisoma nini.

Fundi wenu alipoona plagi zina masizi meusi, aliamua kwamba kabureta inamwaga mafuta. Masizi hayo huletwa pia na cheche dhaifu, kwa kuwa mafuta yasiyoungua vizuri hubaki kwenye plagi, na kuzitofautisha sababu hizo mbili si kazi ngumu. Angeweza kuchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa moto, asikilize ni silinda ipi isiyobadilisha mlio. Angeweza kuitazama cheche yenyewe kama ni ya buluu yenye nguvu au ya manjano iliyofifia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliing'oa kabureta yangu ya Solex iliyokuja na gari kutoka kiwandani, akafunga kabureta ya gari jingine, bila hata kunipigia simu, na hadi leo hakuna anayeniambia Solex yangu iko wapi.

Niliondoka kwenu gari likimisi vilevile, likanizimikia Kongowea jua kali. Fundi mmoja wa Majengo alifungua kifuniko cha distribyuta na kunionyesha pointi zilizoungua na kuchimbika, ishara kwamba kondensa imekufa na haizuii tena cheche kuruka hapo kila pointi zinapofunguka. Aliweka kondensa mpya, akabadilisha pointi na kuzipima nafasi ya milimita 0.4, na injini ikaacha kumisi hapo hapo. Kondensa ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika gari zima. Tatizo lililobaki lilikuwa lile mlilolileta ninyi: kwa kabureta hiyo ya kigeni gari lilibugia mafuta na kuzima kila nilipoachia pedali.

Narudi kwenye ile karatasi, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilisimama pale nikiutazama mwandiko wangu ukilowa oili nyeusi mkononi mwa kijana wa rika la wanangu, na msimamizi wake, aliyekuwa mlangoni mwa ofisi, akaona na kusikia yote, akainamia simu yake. Huyo "mzee" niliyeambiwa nikamwombe Vitz ni marehemu mume wangu, na gari hili ndilo aliloniachia. Skrepa! Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Hata siku niliponyanyua kifuniko cha injini kumwonyesha mhudumu huyo distribyuta, kabla ya karatasi hiyo, alinijibu kwamba hayo niwaachie mafundi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai Solex yangu na shilingi 4,500 tu. Hayo hayatoshi tena. Nataka pia gharama ya kuvutwa kutoka Kongowea, malipo ya fundi wa Majengo, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si na mhudumu. Kama Solex imeuzwa, mtaninunulia nyingine halisi ya 404, na gharama ya kuisafirisha hadi Mombasa itakuwa juu yenu.

Nawapa siku 7. Zikipita, nitawasilisha ankara yenu katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nikitegemea Kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia ya hasara. Fundi wa Majengo amekubali kuwa shahidi, na pointi zilizoungua pamoja na kondensa mbovu nimezihifadhi.

Kabureta yenu nimeshaiondoa garini. Njooni na Solex yangu mkononi, ndipo mtaichukua.

Wasalaam,

Mwenye Peugeot 404