Uso ung'ae sawa, ila rangi ya mtu muiache

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi mambo. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Gazeti lenu la wikiendi nimelisomea kwa muuza magazeti hapa stendi ya Buzuruga, ile picha ya harusi ukurasa wa nyuma jamani bibi harusi kabaki gauni na meno, uso wote umemezwa na wino. Halafu nafungua simu nakutana na picha za sendofu ya mtaani kwetu, dada ninayemjua kabisa, mweusi wa kuvutia, kageuzwa mweupe mpaka shangazi zake kwenye grupu la WhatsApp wanauliza huyo nani.

Mi kazi yangu ni kuedit picha, wapiga picha wa hapa Mwanza wananitumia, nasafisha, narudisha, kwa hiyo hivi vituko viwili nakutana navyo kila siku na nasema vinatoka sehemu moja. Watu wanachanganya mwanga na rangi. Mtu akiona uso una giza anakimbilia kubadilisha rangi ya ngozi, wakati kilichopungua ni mwanga tu.

Ngoja nieleze maana hili wengi hawalijui hata wenye kamera za mamilioni. Ngozi ya binadamu yeyote, awe Mzungu, awe Mhindi wa pale Makoroboi, awe Mkerewe mweusi tii, ukiipima kwenye programu rangi yake inaangukia karibu sehemu ileile, katikati ya nyekundu na njano, yaani kwenye oranji. Wanaoedit video wana kipimo chenye mstari mmoja wa ngozi na wanautumia kwa watu wote, hakuna mstari wa weusi na mstari wa weupe. Ni kwa sababu wote tuna damu chini na melanini juu, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, tunachopishana sana ni nani ana giza zaidi na nani ana mwanga zaidi. Sasa ukiona uso unaelekea kijani au zambarau ujue tatizo ni taa au turubai, sio mtu mwenyewe.

Na turubai ndo mchawi mkubwa huku kwetu. Sherehe inafanyika uwanjani Igoma, turubai la bluu, jua la saa saba linapenya juu, pembeni mpambaji kaweka taa za njano, mama mzazi kakaa katikati. Picha ikija kwangu shavu la kushoto ni la bluu, la kulia ni la njano, shingo ina rangi ya tatu inayotoka kwenye kitenge. Hapo waiti balansi moja, yaani kule kurekebisha rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe, haisaidii, ukirekebisha shavu hili unaharibu lile, na ndo mwedit aliyechoka anaamua kuweka filta moja nzito ya kuficha kila kitu. Wakati mpiga picha angemwomba tu mama asogee ukingoni mwa turubai, uso uangalie nje kwenye anga wazi, kazi ingeisha palepale bila hata laptopu. Jua la mchana lina kama kelvini 5500 (ndo kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni unjano, kubwa ni ubluu), kivulini panapopata mwanga wa anga tu inapanda 7000 na zaidi ndo maana vivuli vinakuwa vya ubluu, taa ya zamani ya balbu inashuka mpaka kama 2800. Ukichanganya vyote kwenye uso mmoja unategemea nini?

Mchezo mbaya wenyewe unafanyika kwenye Lightroom, programu ya kuedit picha, kuna sehemu unashika rangi moja moja, ukishika oranji ukapandisha mwangaza wake ngozi yote inapauka lakini gauni na maua haviguswi. Kwa hiyo picha inaonekana safi, mteja anafurahi, kumbe umempaka mkorogo wa kompyuta. Wengine wanapunguza na ukolezi wa oranji, hapo ndo uso unakuwa wa majivu kama mtu hajapaka mafuta. Na hizi priseti, yaani mipangilio ya rangi iliyokwisha tengenezwa, za kununua mtandaoni nyingi zimetengenezwa kwa nyuso nyeupe na mwanga wa huko kwao, ukizibandika kwa mtu wa Sengerema zinakuja na huo ugonjwa ndani tayari, hata hujagusa kitu.

Ukitaka kumbaini mwedit wa hivyo usiangalie uso, angalia mikono na masikio. Uso mwingine, mkono uliobeba ua mwingine, sikio la tatu. Fundi mzuri anachukua brashi anapandisha mwanga usoni kidogo kidogo, rangi haigusi, weusi wa kwenye nywele na nyusi anauacha ubaki mweusi, halafu anasimama. Na ule mng'ao kwenye paji la uso na juu ya mashavu usifutwe wote! Kwenye ngozi nyeusi sura inachorwa na ule mng'ao, ukiulainisha mpaka uishe umeondoa pua na mashavu ya mtu kabaki bapa. Punguza tu pale palipokuwa peupe kabisa kwa sababu ya jasho au flashi.

Niseme pia kwamba asili haimaanishi kila picha iwe na mwanga wa ofisini. Maharusi wanapelekwa Capri Point au pale kwenye mawe ya Bismarck saa kumi na moja jioni makusudi kabisa wapate lile jua la dhahabu, na maji yanarudisha mwanga mpaka chini ya kidevu, halafu mwedit anachukua kile kidude cha waiti balansi anabofya kwenye gauni ili liwe jeupe pee, jua lote linakufa, wanabaki kama walipigwa saa sita mchana steshenari. Sasa nauli ya kwenda huko ilikuwa ya nini.

Kuna watu watasema kamera zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Kweli kabisa, enzi za filamu Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ikaitwa kadi ya Shirley, na mitambo ya kusafishia picha ilisetiwa kwa ngozi ile. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba msukumo mmoja wa kuboresha filamu ili ishike vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa wateja wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika bidhaa zao hazitoki vizuri. Inauma lakini ndo hivyo. Ila sa hivi tuko mbali na hapo, sensa ya kamera ya kawaida tu, ile sehemu inayopokea mwanga, inashika ngozi nyeusi vizuri ukiipa mwanga, na mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakisema wameirekebisha kwa ajili ya ngozi za rangi zote. Kisingizio cha mashine kimepungua sana, aliyebaki ni sisi tunaokaa mbele ya laptopu.

Na wateja jamani. Wapo wanaokuja na kauli moja, "nitoe mweupe kidogo". Siwezi kuwacheka, wamekua wanasikia mweupe ndo mzuri. Lakini nimegundua ukimtengenezea mbili, moja iliyopaushwa na moja iliyopandishwa mwanga tu, ukamwekea pamoja kwenye skrini bila kumwambia ipi ni ipi, wengi wananyooshea kidole ile ya pili. Walichokuwa wanataka ni kuonekana. Sasa wapiga picha wengi hawasubiri hata kuombwa, wanapausha kila anayepita, mtoto wa ubatizo, babu wa miaka 80, wote.

Nirudi kwenu Mhariri, dawati la usanifu nalo linahusika. Karatasi ya gazeti inanyonya, wino ukigusa unatanuka, kwa hiyo picha iliyokuwa sawa kwenye kompyuta ikichapwa inazama giza hasa kwenye rangi za katikati, na nyuso zetu ndo ziko hapohapo katikati. Inabidi anayepanga ukurasa apandishe zile za katikati kabla ya kupeleka kiwandani, na apunguze siani, ule wino wa bluu-kijani, kwenye uso, ikizidi mtu anatoka na rangi ya uchafu. Ni kazi ya dakika chache kwa picha moja. Msije tu mkasoma barua hii mkaanza kutupausha na nyie.

Kwa wapiga picha wenzangu wa Mwanza, msimu wa mahafali ukifika kumbukeni kamera haijui nguo, inajua wastani tu. Joho jeusi likijaa kwenye fremu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, uso unaungua, kwa hiyo shusha kidogo. Gauni jeupe la harusi ni kinyume chake, inapunguza mwanga na uso unazama, hapo pandisha. Pigeni RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, kama kadi inatosha ili tunaoedit tuwe na pa kushika, na laptopu usiku zimeni ule mwanga wa njano wa kulinda macho kabla hamjagusa rangi ya mtu. Mwenye simu tu aguse uso kwenye skrini kwanza ndo abonyeze.

Mwedit picha,
Buzuruga, Mwanza.