Mpingo uliopinda ndio wetu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kilwa. Huku hatujambo, hofu ni kwako. Uliniuliza kwenye simu uanze na mti gani ukija kushika zile eka tatu za mpingo pamoja na karakana ya kuchonga vinyago. Jambo lenyewe ni refu kuliko vocha, ndiyo maana naandika.

Anza na visiki. Mpingo ukishakatwa, ile sehemu nyeupe ya nje huliwa na mchwa, lakini kiini cheusi hawakiwezi. Kinalala kwenye nyasi miaka na miaka kikiwa kizima. Wakata magogo huchukua kipande cha chini kilichonyooka, wakaacha matawi, mapande yenye tundu na kisiki chenyewe. Fukua kwa sururu hadi mizizi mikubwa ionekane, kisha gonga kwa kisogo cha shoka. Kikilia kama chuma, king'oe. Sauti ikiwa butu, ndani kumeoza, kiache. Uzuri wa pande kuukuu ni kwamba limeshapasuka pale lilipotaka kupasuka, na utaziona nyufa kabla hujachora umbo.

Watengenezaji wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, wanataka mpingo ulionyooka, usio na fundo wala ufa, na gogo lao likipita kwenye msumeno, kinachofaa hakifiki asilimia 10. Sisi hatuna shida hiyo. Kinyago cha shetani wa mguu mmoja hukaa vizuri kwenye tawi lililojikunja. Kinyago cha ujamaa, yaani wale watu waliobebana, unataka shina la futi mbili au tatu. Na bonde la ubavuni, ambalo mipingo mingi inalo, linakuwa nafasi kati ya mgongo na mgongo bila kupoteza kitu. Ukiangusha mti ulionyooka ili utoe shetani, nusu yake itaishia vibanzi, na umeondoa mama wa mbegu. Wanyoofu wakiisha, mbegu zote zitatoka kwa waliopinda. (Kupinda kwingine ni kazi ya moto, si ya ukoo, lakini kwa macho hutajua upi ni upi.)

Siku utakapolazimika kukata mti uliosimama, funga fundo kwenye kamba kwa sentimita 75 na nusu. Zungusha shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kamba ikikutana kabla ya fundo, kipenyo hakijafika sentimita 24 zinazotakiwa, ondoka. Mpingo hufika hapo kwa miaka 70 au zaidi. Sasa piga hesabu: kuangusha mti mmoja kila mwaka bila msitu kupungua kunataka walau miti 70 ya rika zote, kuanzia mche wa mwaka jana hadi mkongwe, na hapo hatujahesabu itakayokufa njiani. Eka tatu zetu haziko karibu na hapo. Mmoja kila baada ya miaka mitano, na mimi naona hata huo ni mwingi. Wenye tundu wazi usiwaguse. Humo ndimo nyuki wadogo na ndege wanakaa, na kiini chao hakitakulipa jasho.

Kibali kwanza, shoka baadaye. Mpingo umehifadhiwa kisheria: unahitaji ruhusa ya kukata, gogo ligongwe alama kwa nyundo, na hati ya kulisafirisha. Mteja wa nje anayetaka shehena aulize vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kabla hajalipa, kwa sababu jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo kwenye orodha hiyo tangu Januari 2017.

Kata kiangazi, majani yakiwa yamepukutika. Tumia msumeno, karibu na ardhi, na uinamishe mkato ili maji yasisimame juu ya kisiki. Shoka huchana gome, na gome ndilo linalotoa machipukizi. Yatatoka mengi, subiri mvua mbili, halafu bakiza moja au mawili yaliyoshika chini kabisa, kwa kuwa la juu huvunjwa na upepo likishanenepa.

Vichwa vya gogo vipake nta ya nyuki au rangi ya mafuta siku hiyohiyo, usingoje kesho. Maji hutoka haraka zaidi kwenye vichwa kuliko ubavuni, kichwa kinasinyaa kabla ya tumbo, na ufa unaanzia hapo. Weka kivulini, juu ya vigingi, mbali na bati linalopata joto. Toa umbo la kwanza kwa tezo mbao ikiwa bado na unyevu, lakini acha unene wa ziada wa sentimita moja kila upande. Jioni funika kwa gunia lenye unyevu. Pumzisha wiki kadhaa, ndipo urudi na patasi ndogo, tupa, kisha msasa: 80, 120, 240, mwisho 400. Vaa barakoa, vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Kiwi ya viatu waachie wanaouza mti mweupe kwa jina la mpingo. Wetu unataka nta kidogo na kitambaa. Anayebisha atumbukize kipande kwenye ndoo, kiini cha mpingo huzama.

Moto ndio utakaokusumbua kuliko wezi. Ule wa mwezi wa tisa au wa kumi, nyasi zikiwa kavu kabisa, hupasua gome, kuvu huingia kwenye kidonda, na miaka mingi baadaye unapata gogo lenye tundu. Miche nayo huungua hadi ardhini kila mwaka, mzizi ukibaki hai. Ukiona kichaka cha vijiti sita mahali pamoja, huo ni mti mmoja ulioungua mara nyingi. Kwa hiyo choma mapema, mwezi wa sita, nyasi zikiwa nusu mbichi. Fyeka kwanza barabara ya moto ya mita nne kuzunguka eneo lote. Ngoja jioni upepo wa kusi, ule utokao kusini, utulie, kisha washia upande wa kaskazini, moto urudi nyuma taratibu dhidi ya upepo. Ukiwashia kusini utakimbia nao. Usichome eneo lote mwaka mmoja. Gawanya vipande vitatu, wadudu na nyasi za mbegu wapate pa kukimbilia.

Mche wa mpingo hauvumilii kivuli. Palipo na mche wa kufikia goti, punguza matawi ya mti wa mtondoro ulio juu yake, usiukate mtondoro wenyewe. Pasipo na mche, usihangaike na mbegu kwanza: chimba kwa jembe mita moja hadi mbili kutoka kwa mti mkubwa, jeruhi mzizi wenye unene wa kidole gumba, rudishia udongo kidogo. Mvua zikija utaona chipukizi. Palilia duara la mita moja, na weka kigingi chenye kitambaa chekundu, maana watoto wa jirani wanachunga mbuzi upande ule na mbuzi wanayapenda majani yake kuliko nyasi.

Sururu iko nyuma ya ghala. Mpini umelegea, uloweke usiku mmoja kabla hujaanza.

Mama yako