Shukrani kwa Dada Aliyewaponya Samaki Wangu wa Bahari

Napenda kumshukuru hadharani dada mmoja mkazi wa Dodoma, ambaye ameomba nisimtaje jina. Samaki wangu wa maji ya chumvi walikuwa wametapakaa vidoa vyeupe mithili ya punje za chumvi, wakihema kwa kasi na kujisugua kwenye mawe, na katika mji ulio mbali na bahari kama huu wetu sikumpata mwingine wa kunishauri.

Dada huyo alikuja na ndoo zake, akautambua ugonjwa kuwa ni wa kimelea Cryptocaryon irritans, akanieleza kwamba kimelea hicho humwacha samaki, hujifunika gamba juu ya mchanga au mawe, na humo hugawanyika na kutoa vimelea vipya vingi. Alikataa kumwaga dawa ya shaba katika tangi kubwa, kwani ingewaua kamba na matumbawe. Badala yake aliwatenga samaki katika ndoo zisizo na mchanga, na kila baada ya saa 72 akawahamishia chombo kingine kilichosafishwa na kukaushwa, kisha kutiwa maji mapya ya chumvi yenye joto lile lile, ili vimelea vilivyodondoka visipate muda wa kuwarudia. Tangi kubwa aliagiza likae bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili. Subira yake ndiyo iliyonigusa zaidi, maana alikuja hata usiku, na malipo hakukubali.

Ndugu wafugaji wenzangu, mwenye ndoo na pampu ya hewa ya akiba amwazime jirani, na samaki mgeni atengwe kwanza kabla ya kuingizwa tangini.