Barua kwa mwanangu kuhusu saa za mwanzo za ugonjwa

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika, na bibi yako wa Machame anakusalimu sana. Swali uliloliandika mwishoni mwa barua limenifurahisha kuliko hata matokeo ya mtihani, kwa hiyo nitalijibu kabla ya mambo ya ada na nauli. Umesema mwalimu wenu wa baiolojia amewafundisha kuwa kingamwili zinazolenga kirusi kigeni huchukua siku kadhaa kutengenezwa, ilhali kirusi chenyewe huzaliana ndani ya saa chache. Sasa unataka kujua mtu anaponaje katika siku hizo za katikati. Hilo ndilo swali ninalolifanyia kazi maabara, na sehemu kubwa ya jibu lake ni interferoni.

Mwaka 1957, mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliloweka vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye waliyatenga yale maji, wakayatia kwenye vipande vipya vya utando, na virusi hai vilipoletwa vikashindwa kuzaliana humo. Utando wa kwanza ulikuwa umetoa ndani ya maji kitu kilichoukinga ule wa pili, nacho wakakiita interferoni.

Leo tunajua njia yenyewe. Seli iliyovamiwa ina protini za ulinzi, mojawapo ikiitwa RIG-I, ambazo hukagua RNA, molekuli zinazobeba maelekezo ya jeni, na kuitambua ile ya kirusi kwa alama ambazo RNA zetu hazinazo. Habari hiyo hufika kwenye kiini cha seli, jeni la interferoni huwashwa, na interferoni hutolewa nje na kushika vipokezi vya seli za jirani. Ndani ya seli hizo, vimeng'enya JAK1 na TYK2 huambatisha fosfati kwenye protini STAT1 na STAT2, ambazo hujiunga na protini nyingine, IRF9, huingia kiinini na kuwasha mamia ya jeni. Baadhi ya protini zitokanazo na jeni hizo hukata RNA ovyo, nyingine husimamisha utengenezaji wa protini ili kirusi kikose pa kuzalishia. Seli iliyotoa taarifa mara nyingi hufa. Ni kama mtu aliyevamiwa usiku akapiga yowe, na waliowahi kufunga milango ni majirani.

Ukubali kwamba virusi navyo vimekuwa vikiishi na ulinzi huu kwa muda mrefu mno, na ndiyo maana nimechagua kuchunguza homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1931. Huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, na dalili ya kwanza kwa wafugaji ni ng'ombe, mbuzi na kondoo kutupa mimba kwa wingi. Mlipuko wa mwaka 2007 ulianzia Ngorongoro, kwa jirani zetu wa Mkoa wa Arusha, ukasambaa mikoa mingi, na watu 144 wakafariki nchini.

Kirusi hiki huzaliana nje ya kiini cha seli, wala hakihitaji kuingia kiinini hata kidogo. Hata hivyo hutengeneza protini ndogo iitwayo NSs, nayo huenda moja kwa moja kwenye kiini na kujisuka humo kuwa nyuzi ndefu. Ukizipaka seli rangi inayong'aa na kuzitazama kwa hadubini, utaona nyuzi hizo zimelala katikati ya kiini. NSs huharibu mtambo wa seli wa kunakili jeni, hivyo amri ya kutengeneza interferoni haitoki. Zaidi ya hapo huiangamiza PKR, mojawapo ya zile protini zinazosimamisha uzalishaji.

Tumejuaje kwamba huo ndio ubaya wake hasa? Ipo aina ya kirusi hiki iitwayo Kloni 13, iliyopoteza karibu asilimia 70 ya jeni la NSs. Panya wa kawaida wakichomwa Kloni 13 hawaugui. Mtu angeweza kusema kwamba ni kirusi kilichoharibika tu na hakina nguvu popote. Mwaka 2001 watafiti wakakiingiza kwa panya waliozaliwa bila vipokezi vya interferoni, na panya hao wakafa. Kwa hiyo nguvu ya kuua ilikuwepo muda wote, na kilichoizuia ni interferoni peke yake. Ninalipenda jaribio hili kuliko mengi niliyosoma, na ningependa ulitafakari polepole, kwa sababu badiliko moja upande wa panya lilimaliza ubishi ulioanzia upande wa kirusi.

Sasa narudi kwenye saa ulizoziulizia. Tumbili walioambukizwa homa hii, ambao interferoni ilionekana katika damu yao ndani ya saa 12, hawakuumwa. Waliochelewa ndio walioumwa, na baadhi yao wakafa. Kwa binadamu, UVIKO-19 ilituonyesha jambo linalofanana mwaka 2020: takriban asilimia 10 ya wagonjwa wa nimonia kali mno walikuwa na kingamwili zilizokosea njia, zikiizima interferoni yao wenyewe.

Najua utauliza kwa nini basi tusimchome mgonjwa interferoni. Hutumika kweli, kwa mfano katika homa ya ini, lakini humletea mtu homa, maumivu ya mwili na uchovu mzito, na zaidi ya yote inataka kuwahi. Mfugaji anayefika zahanati akitokea mbali ameshavuka zile saa. Ndiyo maana mimi naona juhudi ziende kwanza kwenye chanjo ya mifugo. Kloni 13 tayari ni chanjo Afrika Kusini, ila usalama wake kwa kondoo wenye mimba bado una maswali, na kwa sasa kazi yangu ni kupima ni kiasi gani cha NSs kinaweza kuondolewa au kubadilishwa, interferoni iwahi kutoka na mimba isidhurike.

Ada nimeshailipa, na nauli nitakutumia wiki ijayo.

Mama yako akupendaye