Fundi wa paa mjue kwa paa lake la zamani

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Wapemba wenzangu, hasa wale ambao fedha ya karafuu imeshaingia mkononi na sasa wanataka kuezeka kabla masika hayajaanza. Mimi ni muuza bati hapa Chake Chake. Niliweke wazi mapema: nina faida yangu katika jambo hili, maana ukiezeka wewe, nauza mimi. Lakini aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi humuona fundi katika hali ambayo mwenye nyumba haioni, yaani fundi akiwa peke yake na fedha ya mtu mwingine.

Kila msimu wa karafuu unapomalizika, wanaojiita mafundi wa paa huongezeka. Kijana aliyekuwa juu ya mkarafuu mwezi uliopita leo ana nyundo, ana mwenzake wa kumshikia ngazi, na ana bei rahisi kuliko wote. Simlaumu, kila mtu anatafuta riziki. Ninaowashangaa ni wenye nyumba, ambao suali lao la kwanza huwa ni moja tu: "Bati moja unalaza kwa kiasi gani?" Wakishatajiwa bei wanamaliza.

Suali la kwanza lingekuwa hili: paa gani uliloliezeka wewe limeshapigwa na masika matatu, nikalione? Paa la mwezi uliopita halikuonyeshi kitu. Bati jipya linang'aa hata likiwa limepigiliwa na mtoto wa skuli. Mwambie akupeleke kwenye kazi yake ya zamani, na mkifika usizungumze na baba wa nyumba, yeye atasema "alhamdulillah, pazuri" ili asimvunjie mtu heshima. Muulize mama, kwa sababu ndiye anayejua ndoo huwekwa wapi mvua ikinyesha usiku. Tazama dari kama ina madoa ya rangi ya chai, tazama na ukuta wa ndani pale juu panapokutana na mbao.

Kisha rudi nyuma hatua chache utazame juu. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, haupigwi bondeni, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Ukiona michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye misumari mingi, ama misumari ilikuwa haina mpira wa kuziba tundu chini ya kichwa chake, ama fundi ameipiga kwa nguvu hadi mpira ukapasuka na bati likabonyea. Tazama pia bati lilivyolalia jenzake. Kwa bati la mawimbi ya kawaida, mgongo mmoja na nusu ndio kiasi cha kulaliana ubavuni. Anayebana mgongo mmoja tu anakupunguzia gharama leo ili upepo ukuingizie maji kesho. Na mdomo wa maungio usielekee upepo. Mvua zetu kubwa za masika zinakuja upepo ukigeuka kuwa kusi, yaani wa kutoka kusini, kwa hiyo fundi anayejua kazi huanza kulaza bati kwenye ncha ya kaskazini ya nyumba na kuelekea kusini, ili kila bati linalofuata lililalie lililotangulia na upepo uteleze juu ya maungio. Muulize tu, "Utaanzia upande gani?" Akikujibu popote sawa, huyo bado hajafika.

Sasa nirudi dukani kwangu. Wapo mafundi wanaokuja na mwenye mali pembeni, wakapima, wakachagua, wakakataa. Wapo wengine wanaokuja peke yao na kunong'ona, "Ami, niandikie risiti ya juu kidogo." Hiyo ndiyo cha juu, na kila muuza duka wa mji huu anaijua. Mimi siandiki, na wateja nimepoteza kwa ajili hiyo, lakini ukweli ni kwamba akitoka kwangu atapata wa kumwandikia. Dawa yake ni nyepesi: nunua vifaa mwenyewe. Mwache fundi aje achague, wewe ulipe, risiti ibaki mfukoni mwako. Fundi mwaminifu hukasirika? Hakasiriki hata kidogo. Wengine huniambia wanapendelea hivyo kwa sababu wanaondokewa na lawama.

Halafu ipo habari ya idadi. Mama mmoja wa Vitongoji aliniletea orodha ya bati 90 kwa nyumba ya vyumba vitatu. Nilimuuliza fundi wake amepima saa ngapi. Akasema hakupima, ameitazama akiwa njiani. Nikamwomba asinunue siku ile, atafute fundi mwingine apande na tepu. Hesabu ilirudi bati 64. Zile 26 zingekwenda wapi, msomaji anaweza kujaza mwenyewe. Ndiyo maana namna ya kulipa kwa bati inanitia shaka: anayelipwa kwa idadi ya bati ana sababu ya kupenda bati nyingi, na ana sababu ya kukimbia. Afadhali mkubaliane bei ya kazi nzima baada ya kupima.

Kuhusu bati lenyewe nitasema machache, maana hapa nitaonekana natangaza biashara. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa wengi huja wakiamini kinyume chake na wasiokuwa na haya huwauzia hivyo hivyo. Aliye karibu na bahari, kuanzia Mkoani hadi Micheweni, ajue chumvi ya upepo inaanza kula kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari. Kwa hiyo angalia fundi anakatia nini. Anayetumia grenda anaunguza ile ngozi ya zinki iliyolinda chuma, na cheche zake zikianguka juu ya bati jirani huacha vidoa vinavyoshika kutu mwanzo. Mkasi wa bati ni kazi ya kuchosha mkono lakini ndio unaofaa. Alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo iangalie, usione tabu.

Liko jambo moja linalonifanya nimwamini fundi papo hapo, ingawa linaniumiza mimi. Bati nyingi zinatufikia kwa majahazi na meli kutoka bara. Zikirowa njiani zikiwa zimepangwa zimebanana, maji yanakaa katikati na zinki inatoa unga mweupe. Fundi mzuri hufunua bati la pili na la tatu, hupitisha kidole, akiuona unga ule anasema "hizi hapana, mzee, nipe nyengine." Fundi mbovu hubeba tu, gari ya ng'ombe inangoja.

Mbao pia zina hila zake. Misonobari inayotoka nyanda za juu kusini, kule Mufindi, inaliwa na mchwa upesi kama haikutiwa dawa barabara, na wapo wanaopaka rangi ya kijani juu juu wakakuuzia kuwa ni ya dawa. Mwambie fundi akate kipande mbele yako. Rangi ikiwa imeishia kwenye ngozi na ndani mbao ni nyeupe kama mkate, usiipandishe juu ya kichwa chako.

Wengi huogopa maji, wachache huogopa upepo. Tunajisemea Pemba haina vimbunga, na ni kweli dhoruba ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja ilituacha kwa kiasi kikubwa. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mafia si mbali hivyo. Upepo haulibonyezi paa chini, unalinyanyua, na huanzia penye upenu na pembeni. Kwa hiyo muulize fundi kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zitafungwa na nini kwenye ukuta. Nataka kusikia chuma: ukanda au nondo nyembamba iliyolala ndani ya zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, tangu wakati wa kujenga, ikapanda ikaizunguka mbao. Akikwambia misumari miwili ya inchi nne inatosha, ujue kwamba uzito wa paa ndio pekee unaolizuia lisiondoke, na bati halina uzito. Pembeni na kwenye upenu misumari iwe ya karibu karibu kuliko katikati. Fundi anayekuja kuomba kilo moja ya ziada kwa ajili ya kingo, huyo ananifurahisha si kwa sababu ya kilo ile.

La mwisho ni maandishi, na hapa najua nitagusa watu. Wapemba tunaona kuandikiana na jirani ni kumtilia shaka. Mtu atamkabidhi kijana wa mtaani akiba ya miaka kumi kwa kupeana mkono barazani, kisha wakagombana hadi hawasalimiani msikitini. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandikiana tunapokopeshana na kuweka mashahidi. Sijui kwa nini tunaisoma kwa tajwidi nzuri kisha tunapofika kwenye paa tunaona haya. Nendeni kwa sheha na mashahidi wawili. Andikeni bati ni geji gani, ni ngapi, mbao za aina gani, kazi inaanza lini na kumalizika lini, vipande vinavyobaki ni vya nani, na kibarua akianguka nani atamuuguza. Hilo la kibarua watu hulisahau mpaka wafike hospitali. Anayejenga ghorofa au nyumba kubwa atafute mkandarasi aliyesajiliwa na aombe kukiona cheti. Sisi wa vyumba vitatu karatasi yetu ni hiyo ya sheha.

Na malipo yakatwe mafungu. Kidogo cha kuanzia, kingine kenchi zikishasimama na umeziona, kingine bati likishalazwa. Fungu la mwisho, lisilopungua sehemu moja ya kumi, libaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na mama wa nyumba aseme hakuhamisha kitanda. Sharti hilo mtajie fundi siku ya kwanza kabisa, mbele ya sheha. Akilikataa, mkaribishe chai, mnywe, kisha muagane.

Muuza bati,
Chake Chake, Pemba