Matuta ya mchanga Bagamoyo yasisawazishwe

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Nimesoma barua ya msomaji mmoja kwenye gazeti lako analalamika kwamba kipindi cha kusi mchanga unaingia mpaka barazani, anataka yale matuta ya juu ya ufukwe yasawazishwe na mchanga wake ubebwe na matipa watu wakajengee. Mimi mkazi wa Bagamoyo, hiyo kero naijua vizuri tu, kwangu chungu kikikaa wazi mchana wali unatafuna na mchanga. Ila hiyo dawa anayoitaka naipinga kabisa, naomba nafasi nieleze kwanini.

Wengi tunadhani upepo unaunyanyua mchanga na kuupeleka juu kwa juu. Sio hivo. Nenda ufukweni alasiri kusi imechachamaa na maji yamekupwa, ikiwa siku za bamvua ndo vizuri zaidi maana eneo kubwa linaachwa wazi linakauka, halafu simama peku. Usoni husikii kitu, ila vifundoni unachomwachomwa kama sindano. Zile ni punje zinaruka, moja inainuka kidogo inasukumwa mbele inatua inaigonga nyingine na yenyewe inaruka, na zile nzito zinabingirika tu chini. Mchanga mbichi hauendi popote, lazima ukauke kwanza.

Sasa punje hizo zikikutana na gogo au yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau, pale upepo unapungua nguvu nazo zinadondoka, zinalundikana, na lile lundo lenyewe linakuwa kizuizi cha punje nyingine. Upande upepo unakotokea mteremko unakuwa wa pole, punje zinaupanda mpaka kileleni, upande wa pili zinarundikana mpaka mwinuko ufike nyuzi kama 34 hivi halafu zinaporomoka. Ndo maana upande ule ukikanyaga unashuka nao.

Tuta lisilo na mimea linaliwa mgongoni linajengwa mbele, basi linatembea. Tunalo hapahapa nchini, Ngorongoro karibu na Olduvai, mchanga mweusi wa majivu ya mlima Ol Doinyo Lengai, kimo kama mita 9, umbo la mwezi mwandamo, na linahamia magharibi kama mita 17 kwa mwaka. Pembe zake mbili zinatangulia maana kule mchanga ni kidogo, upepo unausogeza haraka, katikati penye mzigo panachelewa. Yetu ya huku Bagamoyo hayatembei namna hiyo kwasababu mimea imeyashika, mizizi chini na majani juu. Kwahiyo ukileta greda ukafyeka yale majani, yani hapo ndo umeufungulia mchanga njia ya kwenda majumbani kwa watu!

Kuna Mwingereza anaitwa Ralph Bagnold, mwanajeshi aliyezunguka sana majangwa ya Misri na Libya, mwaka 1941 alichapisha vipimo vyake na akaonyesha kwamba upepo ukiongezeka kasi mara 2 mchanga unaobebwa unaongezeka karibu mara 8. Fikiria kusi la mwezi wa saba kwenye uwanja mkavu usio na hata jani.

Halafu hilo tuta ndo akiba yetu. Mawimbi makali yakija yanakula mchanga wa pale kwanza kabla hayajafika kwenye msingi wa nyumba, bahari ikitulia sehemu ya ule mchanga inarudi ufukweni na upepo unaupandisha tena. Ukishabebwa na tipa haurudi. Na huko unakopelekwa una chumvi, inakula nondo, kwahiyo hata anayejengea hafaidiki.

Anayesumbuliwa na mchanga aweke uzio wa makuti au fito ulioachiwa nafasi, karibu nusu wazi nusu imezibwa, upepo upite ila upunguzwe nguvu, mchanga utadondoka palepale. Ukuta mzima wa tofali unafanya upepo uzunguke na kuchimba pembeni. Njia ya kwenda mashuani iwe moja tena ikate mshazari, maana ikinyooka na upepo inageuka mfereji wa mchanga. Na wale wanaofagia mchanga barabarani tunaomba wasiupakie kwenda nao mbali, waumwage upande wa bahari chini ya tuta lilelile, na majani yakichipua juu yake yaachwe.

Msomaji wako, Bagamoyo