Leseni ya baa isiwe karatasi ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo ni Sura ya 77 ya Sheria za Tanzania, inamtaka kila muuza pombe awe na leseni na afuate saa zilizowekwa. Hapa Dodoma, ambako baa zimeongezeka kadiri mji ulivyopanuka, leseni huonekana ukutani, lakini mhudumu anayepokea oda mara nyingi hajaelezwa masharti yake. Katazo la kuwauzia walio chini ya miaka 18 limeandikwa hata kwenye chupa. Anayemwona kijana asiyemfahamu amwulize kitambulisho, bila kuona haya. Halmashauri ya Jiji, inayotoa leseni hizo, iwaelekeze wahudumu kabla ya kuzihuisha, kwa kuwa wenye baa wengi, kusema kweli, hawashindi kaunta.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma